Mazeras ya pakingi, Ruai: jiwe safi, lakini ile hadithi ya nyayo usinunue

Niseme mapema hii rivyu ni ndefu na sehemu kubwa haihusu bei, kwa hivyo kama umekuja kutafuta bei tu, hizi hapa: nililipa 1,250 kwa skwea mita ya mazeras, lile jiwe la mchanga la kutandaza, baada ya kubembeleza kutoka 1,600, usafiri 5,000 kutoka yadi mpaka kwangu, na jiwe moja nikalinunua 1,500 peke yake. Hilo jiwe moja ndilo limefanya nikae macho mpaka saa nane usiku nasoma mambo ya Arizona, na ndilo limefanya niandike yote haya.

Mimi niko Ruai na yeyote anayeishi huku anajua udongo wetu, ule mweusi unaofura mvua ikinyesha, na jua likiwaka unapasuka mpaka unaweza kupoteza kiatu ndani. Gari imelala kwa matope tangu tuhamie. Mama watoto alitaka kabro, yale matofali ya simiti, mimi nikataka mazeras, tukavutana wiki mbili, na nilishinda si kwa hoja, nilishinda kwa sababu kabro ya jirani ilikuwa imezama upande mmoja ikawa kama bakuli (kosa la fundi aliyeruka kazi ya chini, si kosa la kabro, lakini hilo sikulisema).

Yadi yenyewe iko kando ya Kangundo Road, moja ya zile mawe yamesimamishwa kama vitabu kwa rafu, jina nawawekea siri. Mwenyewe ni mzee wa kofia ya sufu, mpole, mdomo mtamu, kila mtu kwake ni kastoma wa kwanza wa leo hata kama ni saa kumi na moja jioni. Ana mazeras zilizokatwa mraba, ana zile za vipande vipande, ana galana. Na nimpe haki yake, alinifundisha kuchagua jiwe, kitu ambacho yadi mbili nilizopitia kabla yake hawakujisumbua. Alichukua nyundo ndogo akagonga jiwe moja likalia ngiii kama sufuria, akasema hilo beba, akagonga lingine likasema tup, akasema hilo lina ufa ndani, gari ikikanyaga mara ya pili ni unga. Halafu akamwaga maji, kwa sababu mazeras ikiwa kavu na vumbi la barabara zote zinafanana, ukimwaga maji ndio unaona hii ni ya njano, hii ya kahawia, hii ina mistari ya kutu inazunguka kama ramani. Akaniambia pia ya kukanyagwa na gari nisikubali nyembamba, zile nyembamba ni za ukuta na za njia ya miguu. Kwa hayo tu ningempa tisa kwa kumi niende zangu.

Lakini akanipeleka nyuma ya yadi.

Huko kulikuwa na jiwe limefunikwa na gunia. Akalifunua polepole kama mtu anafunua chakula cha wageni. Lilikuwa pana kama meza ya chai, na juu yake kuna mikunjo midogo midogo kama mchanga wa ufuoni maji yakishatoka, na katikati vishimo vitano vimefuatana. Mzee akashusha sauti. "Kastoma, hii ni nyayo. Mnyama wa kitambo sana. Hii nilikuwa nimewekea mtu wa Karen lakini amekawia."

Nikatoa 1,500. Najua. Msinianze.

Usafiri nisiuzungumzie sana maana nitaharibu siku yangu. Kenta ilitakiwa Jumatano, ikafika Ijumaa saa mbili usiku, mawe yamerundikwa bila hata nyasi katikati, tisa yamevunjika kona, na nilipohesabu nikapata yamepungua saba. Dereva akasema yeye ni wa kubeba tu, hesabu ni ya yadi, yadi wakasema hesabu ilikuwa sawa kwao. Halafu vijana wa mtaa wakaja na ile yao ya kila mzigo unaoingia hapa ni sisi tunashusha, nikawapa kitu kidogo wakashusha, na angalau wao hawakuvunja hata moja. Tatu kwa kumi, na hiyo tatu ni ya vijana.

Fundi alikuwa mzuri. Alichimba ule udongo mweusi wote akautoa, akaweka mawe makubwa, akapiga maramu, akashindilia mpaka nyumba ikatetemeka, ndio akaanza kupanga mazeras juu ya simiti na mchanga. Ukiona fundi anataka kutandaza mazeras juu ya udongo wa huku bila kuchimba, mlipe nauli ya kurudi kwao. Yangu ni skwea mita 42 na ilichukua siku sita.

Sasa ile jiwe. Msichana wangu wa gredi ya nne aliliona kabla fundi hajaliweka, akahesabu vishimo, akaniuliza, "Baba, mbona huyu mnyama anaruka na mguu mmoja?" Nikamwambia pengine ni dainosa mwenye jeraha. Akaniangalia vile mwalimu anaangalia mtu hajafanya homuwaki. Usiku huo nikaingia kwa simu kutafuta nimjibu kesho yake, na hapo ndio nilipotea.

Kumbe nyayo kwenye jiwe la mchanga ni kitu cha kweli kabisa. Kuna mwamba huko Arizona, Marekani, unaitwa Coconino Sandstone, ukitazama picha za lile korongo kubwa la Grand Canyon ni ule mkanda mweupe unaokaribia juu, chini yake kuna mawe mekundu ya Hermit na juu yake Toroweap halafu Kaibab. Sehemu zingine ukuta wake unapita mita 100. Umri wake ni kama miaka milioni 280, enzi wanayoiita Pemiani, yaani dainosa hata hawakuwa wamefikiriwa, walikuja zaidi ya miaka milioni 40 baadaye (kwa hivyo jibu langu kwa mtoto lingekuwa la uongo hata kama nyayo zingekuwa za kweli). Wakati huo hapo palikuwa jangwa la matuta ya mchanga, na ukiangalia huo ukuta unaona mistari imelala mshazari, hiyo mistari ndiyo miteremko ya matuta yenyewe, mchanga uliokuwa unaporomoka ule upande upepo haupigi, tabaka juu ya tabaka.

Na iliyonimaliza ni hii, hiyo Coconino wenyewe wanaipasua vipande wanatandaza vibarazani! Kuna mji mdogo unaitwa Ash Fork, kazi ya watu wa huko ni machimbo ya mawe bapa, wanajiita mji mkuu wa mawe hayo duniani. Yaani hiyo ni Mazeras yao. Na wachimbaji wakipasua mawe wanakutana na nyayo, na ukifikiria utaona ni lazima, kwa sababu jiwe la aina hii linapasuka pale tabaka moja lilipoishia na lingine likaanza, na pale ndipo palikuwa uso wa ardhi siku ile mnyama alipopita. Hutafuti nyayo, ukigonga tindo jiwe linafunguka lenyewe kama kitabu kwenye ukurasa wake. Nikaanza kumheshimu mzee wa kofia, nikaona kumbe hakuwa anaota.

Wataalamu walianza kuziandika hizo nyayo za Grand Canyon mwaka 1918, Richard Lull ndiye wa kwanza, halafu miaka ya 1920 akaja Charles Gilmore wa makumbusho ya Smithsonian, akapanda na kushuka njia inayoitwa Hermit Trail akitoa mabamba ya mawe, na kati ya 1926 na 1928 akachapisha ripoti tatu. Kuna nyayo za wanyama wa miguu minne, duara duara zenye vidole vifupi, kuna za buibui, kuna za nge. Kilichonishangaza ni kwamba mifupa hakuna. Mwamba mzima wa nyayo na hakuna mwenye mguu. Ndio maana majina wanayatoa kwa nyayo zenyewe, si kwa mnyama, na moja maarufu inaitwa Chelichnus, maana yake alama ya kobe.

Hiyo ya kobe lazima niwaambie. Nyayo za aina hiyo hiyo zilishapatikana Scotland kabla ya Marekani, kwenye machimbo ya jiwe jekundu ya Corncockle, na aliyepeleka habari kwa wasomi wa Edinburgh mwaka 1828 ni mchungaji wa kanisa anaitwa Henry Duncan. Na huyu Duncan ndiye huyo huyo aliyefungua benki ya akiba kijijini Ruthwell mwaka 1810 ili watu wa kipato kidogo waweke kidogo kidogo. Mimi pakingi yangu ni mkopo wa Sacco, nilipofika hapo nikahisi huyu mzee tunajuana. Basi Duncan akamwandikia William Buckland, mwanajiolojia wa Oxford, na Buckland akakanda unga, yaani fikiria wa chapati, akautandaza akatembeza kobe juu yake, akalinganisha alama, wakaridhika kwamba ni kobe. Hawakuwa kobe. Siku hizi wengi wanaona ni jamaa za kale sana za ukoo uliokuja kuzaa mamalia, kwa hivyo mimi na wewe ni ndugu zao wa karibu kuliko mjusi. Lakini jina lilishabaki.

Hapa ndipo nilipoanza kulichungulia jiwe langu na tochi saa saba usiku, nimejifunga shuka, mbwa wa jirani wananibwekea. Kwa sababu nilisoma kitu kuhusu Coconino ambacho ndicho kinafanya nyayo iwe nyayo. Karibu zote zinapanda mteremko. Za kushuka ni chache mno, na sababu ambayo wengi wanaitoa ni kwamba mnyama akishuka mchanga unaporomoka naye na kufuta alama, akipanda anachimbia vidole na kusukuma mchanga nyuma yake, unabaki kama mwezi mwandamo mdogo nyuma ya kila mguu, upande wa chini. Huo mwezi mwandamo ndio ushahidi kuna uzito ulipita hapo. Edwin McKee, aliyefanya kazi hapo Grand Canyon miaka mingi, alitembeza mijusi kwenye mchanga kulinganisha. Baadaye mtafiti mwingine, Leonard Brand, akatembeza salamanda (wanafanana na mijusi lakini ni jamaa ya chura) chini ya maji, mwaka 1979 akaandika kwamba nyayo za Coconino zinafanana zaidi na za chini ya maji, na ubishi ukawaka. Ila wengine wakamrudishia swali ambalo hata mimi ningeuliza: sasa buibui na nge walikuwa wanafanya nini chini ya maji? Na kuna alama za matone ya mvua kwenye huo mwamba. Mimi naenda na jangwa.

Jiwe langu halikuwa na mwezi mwandamo hata mmoja. Lakini nikajipa moyo, pengine umefutika.

Jumapili akaja binamu yangu aliyesoma jiolojia Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuketi hata kunywa chai, nilimburuta moja kwa moja mpaka pakingi, fundi alikuwa amebakisha nafasi katikati nilimwambia asiijaze. Binamu akainama, akapitisha kidole kwenye kishimo cha kwanza, akatazama kidole, kina unga mweupe. Akacheka vile wanacheka watu wanaokupenda lakini si sana. "Hii ni tindo, kaka." Akanionyesha: vishimo viko kwenye mstari mmoja ulionyooka, umbali sawa sawa, hakuna kushoto na kulia, na ni vigumu mnyama wa miguu minne kutembea hivyo, hata wa miwili (mtoto wangu aliliona hilo bila digrii). Ndani ya vishimo jiwe limepondeka, lina weupe mpya, na ile mikunjo imekatwa tu, haijasukumwa. Mtu alikuwa anajaribu kupasua bamba, akagonga mara tano, likakataa, akaliacha.

Lakini akaniambia mikunjo ni ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonifanya nisilirudishe. Ni alama za maji. Mawe haya yanatoka kwenye lile kundi la Duruma, ukanda wa nyuma ya pwani, na mengi yake yaliletwa na mito na maziwa, si jangwa kama Coconino, kati ya miaka milioni 300 na milioni 200 na kitu iliyopita. Akanipa njia ya kukumbuka ambayo sasa siwezi kuisahau nikipanda basi: ukitoka Mombasa kuja Nairobi unapita Mazeras, halafu Mariakani, halafu Maji ya Chumvi, halafu Taru, na majina hayo hayo ndiyo majina ya matabaka, na kadiri unavyopanda kuja huku ndivyo mawe yanavyozidi uzee. Maji ya Chumvi kumepatikana samaki wa kale kwenye mawe, na Mazeras kuna miti iliyogeuka jiwe. Na haya tunayoita mazeras huku Nairobi si lazima yawe yametoka Mazeras penyewe, jina limekuwa la biashara tu, kama vile kila dawa ya meno ni Colgate. Kwa hivyo mzee aliniuzia alama za tindo kwa 1,500 na mikunjo ya maji ya miaka zaidi ya milioni 200 akanipa bure.

Nyayo za kale kwetu ziko, lakini si za hii hadithi. Kuna Ileret upande wa Turkana Mashariki, za watu wa kale wa miaka milioni 1.5, na jirani Tanzania kuna Laetoli ya miaka milioni 3.66, kwenye majivu ya volkano, ambako mwaka 1976 mtafiti Andrew Hill aligundua alama za wanyama akikwepa mavi ya ndovu waliyokuwa wanatupiana na wenzake kwa mchezo. Binamu akanionya pia, siku ukipata nyayo ya kweli kwa yadi usiibebe kwako, sheria ya 2006 ya makumbusho inataka uripoti kwa National Museums of Kenya. Mzee wa kofia na mtu wake wa Karen sijui kama wanajua hilo.

Kitu kingine. Usiku wa siku ya nne paka wa jirani alipita kwenye simiti mbichi ya fundi, pale kwenye mwinuko wa kuingilia geti, akaacha nyayo sita. Fundi alitaka kubomoa arudie bila malipo, akaona aibu. Binamu ndiye aliyezisimamia. Akampigia mtoto magoti hapo akamwonyesha: kushoto, kulia, kushoto, kulia, hatua sawa, anapanda, na nyuma ya kila mguu simiti imefura kidogo upande wa chini. Nikamwambia fundi aache vile vile. Mama watoto anasema pakingi ya mkopo ina miguu ya paka, mimi nasema hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo sikulipia.

Imepita miezi minne na mvua moja kubwa. Hakuna lililozama. Hakuna lililopasuka isipokuwa moja la kona ambalo nadhani lilikuja na ufa kutoka kenta, lilikuwa la kusema tup na mimi sikuligonga kwa sababu ilikuwa usiku. Maji hayatuami. Likilowa halitelezi kama tailsi, unless umepaka ile vanishi ya kung'aa, jirani wa mtaa wa tatu alipaka akaanguka na maziwa, usipake, au tafuta isiyong'aa. Ubaya wake linakunywa oili, gari yangu inavuja kidogo na kuna doa jeusi pale ambalo nimesugua na sabuni, na Omo, na mchanga, na bado linanitazama. Kama gari yako ni ya kudondosha, weka kadibodi kwanza au utengeneze gari, chagua moja.

Jiwe lenyewe basi, nane na nusu. Fundi tisa, namba yake nawapa mkiuliza. Yadi naipa sita, ingekuwa nane kama si yale saba yaliyopungua.

Jana nimempigia mzee tena kuhusu hayo saba. Nikamwambia na ile nyayo pia ni tindo. Akanyamaza kidogo, nikasikia lori linapita nyuma yake. Akasema, "Sasa kastoma, si hata tindo imeshikwa na mtu wa kitambo." Saba ataleta Jumamosi. Halafu akashusha sauti, akaniambia kuna lingine limefika wiki hii kutoka pwani, amelifunika na gunia, hili ni la simba.

Nimemwambia alete saba kwanza.